Umaarufu Unapoomba Kura

Kila msimu wa uchaguzi katika Afrika Mashariki huja na ubishi uleule. Msanii, mtangazaji au mchekeshaji anachukua fomu ya kugombea, na kabla hajaeleza atafanya nini watu wamekwisha kugawanyika. Wapo wanaolalamika kwamba siasa zimegeuzwa burudani. Wapo wanaowajibu kwamba mbunge huchaguliwa na wananchi, na wananchi wana haki ya kumpa kura mtu wanayemfahamu. Kisha matokeo hutangazwa na kuwachanganya wote. Nyota aliyekuwa akijaza viwanja anaambulia kura kiduchu, na mwingine ambaye wachambuzi walimbeza anamng'oa mwanasiasa mkongwe.

Mkanganyiko huu unatokana na kuchanganya mambo matatu: kujulikana, kupendwa na kuaminiwa. Anayejulikana ni yule ambaye mpiga kura akiona jina lake kwenye karatasi ya kura hahitaji kuuliza ni nani. Anayependwa ni yule ambaye watu watatoka majumbani mwao kwenda kumwona. Anayeaminiwa ni yule ambaye watu watapanga foleni tangu alfajiri ili wamkabidhi shule zao, zahanati zao na kodi zao. Vyombo vya habari hutoa la kwanza kwa wingi. La pili hutokea. La tatu ni nadra sana kutolewa na redio au runinga peke yake, na hapo ndipo penye swali la kuchambua: mtu hutokaje kwenye kujulikana hadi kwenye kuaminiwa, na kwa nini wengi hukwama njiani?

Kabla na baada ya redio binafsi

Uhusiano wa jukwaa na siasa haukuanza na bongo fleva. Mwaka 1955 TANU ilipotaka kuwapata wanawake wa Dar es Salaam ilimpata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Bibi Titi alivipitia vikundi vya ngoma na taarabu vya wanawake wa mjini, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi wao, michango yao na siku zao za kukutana. Sauti yake ilimfungulia milango, lakini vikundi hivyo ndivyo vilivyobeba kazi ya kupeleka habari, kukusanya wanachama na kuwafikisha mkutanoni. Miaka kumi baadaye, katika uchaguzi wa 1965, mwanamke huyohuyo, akiwa miongoni mwa wanawake mashuhuri kuliko wote nchini, alishindwa ubunge wa Rufiji. Historia hiyo fupi ina karibu kila kitu ambacho uchambuzi huu utakigusa.

Baada ya uhuru serikali zilishika vipaza sauti. Tanzania Bara ilikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, Kenya ilikuwa na Sauti ya Kenya, na Uganda nayo ilikuwa na redio ya taifa. Bendi nyingi za Tanzania zilikuwa chini ya taasisi za umma au za chama: Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana, bendi za polisi, bendi za jeshi. Mwanamuziki aliyevuma alivuma kupitia chombo cha serikali. Umaarufu uliosimama nje ya dola ulikuwa mgumu kuupata, na serikali ilikuwa na njia rahisi ya kuuzima: kutoupiga redioni.

Hali hiyo ilivunjika katika miaka ya 1990. Uganda ilipata Radio Sanyu na Capital Radio mwaka 1993. Tanzania ikapata ITV na Radio One mwaka 1994. Kenya ikapata Capital FM mwaka 1996. Vituo binafsi vilihitaji vipindi vya kujaza saa za hewani, na vijana wa mitaani wakavijaza kwa muziki, vichekesho na mazungumzo ya asubuhi. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kujulikana nchi nzima bila idhini ya wizara. Tena sehemu kubwa ya kilichorushwa ilikuwa siasa iliyovaa nguo za burudani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Professor Jay alivuma na wimbo "Ndio Mzee", akiigiza mgombea anayeahidi mambo yasiyowezekana. Nairobi, vijana wa kundi la vichekesho la Redykyulass walimwigiza Rais Daniel arap Moi kwenye runinga wakati ambapo jambo hilo lilikuwa bado linatisha.

Waliokua wakisikiliza hayo ndio waliokuja kuwa wapiga kura. Mwaka 2010 msanii Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, alitwaa ubunge wa Mbeya Mjini kwa tiketi ya CHADEMA. Mwaka 2015 Professor Jay, Joseph Haule, akashinda Mikumi. Mwaka 2017 Wakenya walimpeleka bungeni mwimbaji Jaguar kutoka Starehe, John Kiarie wa Redykyulass kutoka Dagoretti Kusini, na mwandishi wa habari za uchunguzi Mohammed Ali kutoka Nyali. Mwaka huohuo, nchini Uganda, mwimbaji Bobi Wine akashinda uchaguzi mdogo wa Kyadondo Mashariki. Mwaka 2020 Mwana FA, Hamis Mwinjuma, alishinda Muheza kupitia CCM, na baadaye akawa naibu waziri. Mwaka 2022 mtangazaji na mchekeshaji Jalang'o akatwaa Lang'ata. Orodha hii inatosha kuonyesha kwamba hatuzungumzii ajali ya mtu mmoja.

Hoja ya kwanza: vyombo vya habari ndivyo vinavyotengeneza viongozi

Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba aliye na kipaza sauti ndiye aliye na kura. Yana nguvu yake. Mgombea wa kawaida hutumia miaka na fedha nyingi ili ajulikane tu: misibani, harusini, kwenye harambee, kwenye ligi za mpira za jimbo. Nyota anaanzia pale ambapo mwenzake anamalizia. Isitoshe, habari zake huandikwa bure. Mwaka 2016 Donald Trump, ambaye Wamarekani walikuwa wamemtazama kwenye The Apprentice tangu 2004, alipata muda mwingi wa runinga bila kulipia kuliko wapinzani wake ndani ya chama.

Kuna jambo la pili, la ndani zaidi. Sauti inayomwamsha mtu kila asubuhi, inayomchekesha ndani ya daladala au matatu, hujenga hali ya kufahamiana. Msikilizaji humjua mtangazaji, hata kama mtangazaji hamjui yeye. Mwanasiasa anayeonekana kila baada ya miaka mitano hawezi kushindana na ukaribu wa kila siku.

Tena umma humwona nyota kupitia nafasi alizocheza. Volodymyr Zelensky aliigiza kwa miaka kadhaa mwalimu wa historia anayejikuta rais wa Ukraine na kupambana na mafisadi, katika tamthilia iliyoanza 2015. Aprili 2019 alipata asilimia 73 ya kura dhidi ya Rais Petro Poroshenko, na chama chake kilibeba jina la tamthilia ile. Nchini India, M. G. Ramachandran, maarufu kama MGR, alicheza kwa miongo filamu za Kitamil akiwa mtetezi wa wavuvi, wakulima na masikini, kisha akawa waziri mkuu wa jimbo la Tamil Nadu mwaka 1977, na alifariki 1987 akiwa bado na cheo hicho. Wapiga kura wao hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona kwa muda mrefu picha ya kiongozi waliyemtaka, na mtu mmoja tu ndiye aliyehusishwa nayo.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inawahesabu walioshinda tu. Sivaji Ganesan alikuwa mwigizaji mkubwa wa Kitamil sawa na MGR, na wapo wanaomwona kuwa bora zaidi kisanii. Aliunda chama chake, akagombea 1989, akashindwa hata kiti chake mwenyewe. Jose Chameleone ni miongoni mwa wanamuziki wanaojulikana zaidi Afrika Mashariki, lakini alipogombea umeya wa jiji la Kampala mwaka 2021 alishindwa na Erias Lukwago, wakili asiye na wimbo hata mmoja. John Kiarie mwenyewe alishindwa Dagoretti mwaka 2007, miaka ambayo uso wake ulikuwa bado mbichi kwenye runinga, akashinda miaka kumi baadaye. Kama umaarufu ungetosha, wote hao wangeshinda mara ya kwanza.

Hoja ya pili: haiba hung'aa wakati wa shida

Mwanasosholojia wa Kijerumani Max Weber, aliyefariki 1920, alitofautisha mamlaka yanayotokana na mila, yanayotokana na sheria, na yale yanayotokana na karama ya mtu. Kwake yeye karama haikai ndani ya kiongozi peke yake. Iko katika macho ya wafuasi wanaoiamini, na huchomoza pale taratibu za kawaida zinaposhindwa kujibu shida za watu.

Mtazamo huu unaeleza kitu ambacho hoja ya kwanza haiwezi kukieleza, nacho ni wakati. Silvio Berlusconi alikuwa na vituo vya runinga kwa zaidi ya mwongo mmoja kabla ya kugombea. Aliingia Januari 1994 na kushinda Machi, baada ya uchunguzi wa rushwa ulioanza 1992 kuviteketeza vyama vikubwa vya Italia. Huko Guatemala, mchekeshaji Jimmy Morales alishinda urais mwaka 2015 baada ya Rais Otto Pérez Molina kujiuzulu kwa kashfa ya rushwa siku chache tu kabla ya duru ya kwanza ya kura. Watu wakishakata tamaa na wote waliowahi kushika madaraka, kutokuwa na historia ya uongozi kunageuka sifa.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kukata tamaa. Vyama vingi havina tofauti ya sera ambayo mpiga kura anaweza kuitaja. Wanasiasa huhama chama na kurudi. Mijini kuna vijana wengi waliosoma na hawana kazi ya kudumu, na msanii aliyetoka mtaani kwao ni mmoja wa watu wachache waliofanikiwa bila ya kubebwa na jina la ukoo. Kwao, mafanikio ya msanii huyo ni ushahidi. Bobi Wine aliyejiita rais wa ghetto alikuwa akizungumza na kundi ambalo hakuna chama kilichokuwa kikilizungumzia kwa heshima.

Hata hivyo hoja hii ina hatari ya kujizungusha. Tukimwona mtu ameshinda tunasema alikuwa na haiba. Akishindwa tunasema hakuwa nayo. George Weah anaiweka hoja hii kwenye mizani. Mchezaji huyo bora wa soka duniani wa 1995 aliongoza duru ya kwanza ya urais wa Liberia mwaka 2005, kisha akashindwa na Ellen Johnson Sirleaf katika duru ya pili. Mwaka 2011 alishindwa tena, safari hii akiwa mgombea mwenza wa Winston Tubman. Mwaka 2017 alishinda kwa zaidi ya asilimia 61. Ni mtu yuleyule, na tabasamu lilelile. Kilichobadilika ni kwamba alikuwa amerudi shule, amekuwa seneta wa Montserrado tangu uchaguzi wa 2014, na ameungana na Jewel Howard-Taylor, aliyeleta kura za Bong. Haiba ilimweka mezani kwa miaka 12. Haikumpa ushindi hadi mambo mengine yalipokamilika.

Hoja ya tatu: mtandao wa watu, chama na sheria

Hoja ya tatu huvutia kidogo kuisimulia, lakini ndiyo yenye ushahidi mwingi zaidi. Inasema umaarufu hugeuka nguvu pale tu unapopata watu wa kuutembeza: wa kuandikisha wapiga kura, kusimamia vituo, kuokoa fomu za matokeo, kukusanya michango, na kubaki mtaani baada ya jukwaa kuvunjwa.

MGR hakuwa na mashabiki tu. Alikuwa na maelfu ya vilabu vya mashabiki vilivyotapakaa mijini na vijijini, na alipofukuzwa kwenye chama cha DMK mwaka 1972 vilabu hivyo vikawa uti wa mgongo wa chama kipya. Berlusconi alijenga Forza Italia kwa miezi michache kwa kutumia wafanyakazi wa kampuni yake ya matangazo, Publitalia, na kwa mfumo wa vilabu uliofanana na ule wa mashabiki wa AC Milan. Ronald Reagan, ambaye hutajwa kila mara kama mwigizaji aliyerukia urais, hakuruka. Aliongoza chama cha waigizaji wa filamu, akazunguka viwanda vya General Electric akihutubia wafanyakazi kati ya 1954 na 1962, akawa gavana wa California kwa uchaguzi wa 1966, na ndipo akafika Ikulu ya Marekani kwa uchaguzi wa 1980.

Sheria nazo huamua umaarufu upite mlango gani, na jambo hili halizungumzwi vya kutosha katika nchi zetu. Kenya na Uganda zinamruhusu mgombea binafsi. Mohammed Ali alipokosana na mchujo wa chama chake mwaka 2017, alisimama Nyali peke yake na akashinda. Bobi Wine naye aliingia bungeni kama mgombea binafsi. Tanzania hairuhusu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu Juni 2013, katika shauri lililohusisha Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo linakiuka haki, lakini Katiba haijabadilishwa. Matokeo yake ni kwamba msanii wa Kitanzania mwenye mashabiki milioni bado lazima apite kwenye kura za maoni na vikao vya uteuzi. Wajumbe wa chama, ambao huenda hawausikilizi muziki wake, ndio wanaoamua kama jina lake litafika kwa wananchi. Hivyo katika Tanzania umaarufu hauwezi kukishinda chama. Unaweza kukiongezea tu, au kuongezewa nacho. Wanaoshangaa kwa nini Dar es Salaam haijazaa Bobi Wine wake waanze na katazo hilo la Katiba kabla ya kuwalaumu wasanii kwa woga.

Hoja hii pia ina pengo. Nchi zetu zimejaa vyama vyenye ofisi, kadi na makatibu wa wilaya ambavyo havisikiki. Mtandao usio na sauti hukaa kimya hadi siku ya kura. Tena hauelezi vizuri ushindi wa Nyali, ambapo mtu mmoja alivishinda vyama. Nadhani jibu liko katika aina ya umaarufu wenyewe. Mohammed Ali alijulikana kwa kazi ya kufichua maovu, kwa hiyo kujulikana kwake kulikuwa tayari kumebeba kuaminiwa. Mwimbaji wa mapenzi anapoingia siasani analazimika kuijenga imani hiyo upya, mbele ya watu waliozoea kumwona kwa jambo jingine.

Uganda: mahali zinapokutana hoja zote tatu

Hakuna mfano katika eneo letu unaoonyesha mambo haya kwa uwazi kama wa Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine. Alijulikana kwa muziki kwa zaidi ya miaka 15. Juni 2017 alipata zaidi ya robo tatu ya kura za Kyadondo Mashariki. Miezi michache baadaye bunge lilianza mjadala wa kuondoa ukomo wa umri wa mgombea urais, jambo lililomfungulia njia Rais Yoweri Museveni kugombea tena, na upinzani wa mbunge huyo mgeni ukamfanya kuwa uso wa waliokataa. Mwaka 2018 serikali ilianzisha kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, naye akaongoza maandamano. Agosti mwaka huo, wakati wa uchaguzi mdogo wa Arua, dereva wake aliuawa kwa risasi na yeye mwenyewe akakamatwa. Habari yake ikavuka mipaka.

Tazama kilichotokea hapo. Serikali ilijua vizuri nguvu ya umaarufu wake, kwa hiyo ilianza kwa kuzuia matamasha yake. Lakini kila zuio lilifanya kazi ambayo tangazo lisingeweza kuifanya: lilimtoa kwenye kundi la wanaopendwa na kumtia kwenye kundi la wanaoaminiwa, kwa sababu watu waliona anagharimika. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote katika safari kutoka jukwaani hadi madarakani, na haitengenezwi na mtaalamu wa picha. Mashabiki huamini pale nyota anapopoteza kitu kwa ajili ya anachokisema.

Hata hivyo gharama peke yake isingetosha. Mwaka 2020 kundi lake la People Power lilikichukua chama kidogo kilichokwisha kusajiliwa na kukigeuza kuwa National Unity Platform, hatua iliyoliepusha na vikwazo vya kusajili chama kipya. Chama hicho kikaweka wagombea wa ubunge na mawakala vituoni. Januari 2021 Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Museveni mshindi kwa asilimia 58 hivi, Kyagulanyi akipewa asilimia 35, matokeo ambayo Kyagulanyi aliyakataa. Lakini chama cha miezi sita kilikuwa kimekuwa chama kikuu cha upinzani bungeni, na eneo la Buganda lilikuwa limewaangusha mawaziri kadhaa. Wimbi hilohilo liliwafagia hata watu maarufu wasiokuwa ndani yake: mchekeshaji Kato Lubwama alipoteza Lubaga Kusini kwa mgombea wa NUP, na Chameleone, aliyekosa tiketi ya chama hicho, akaanguka Kampala.

Uganda ilionyesha pia mpaka wa njia hii. Novemba 2020 Kyagulanyi alikamatwa Luuka akiwa kwenye kampeni, na katika ghasia zilizofuata watu wasiopungua 54 waliuawa. Mkesha wa kura, intaneti ilizimwa nchi nzima. Umaarufu uliotegemea simu ulikatwa siku ambayo mawakala walihitaji kutumiana matokeo. Nguvu inayotoka kwenye vyombo vya habari hubaki chini ya yule anayeshika swichi, na yule anayeshika swichi anaungwa mkono na bunduki. Ukweli huo hauwezi kurukwa na yeyote anayedai kwamba mitandao imewapa raia mamlaka.

Baada ya kiapo

Wanaopinga wasanii kugombea huuliza kama wanajua kuongoza. Swali ni la haki, ila linaulizwa kwa upendeleo. Mabunge yetu yana mawakili, walimu na wafanyabiashara wengi waliomaliza muhula bila kuchangia chochote cha kukumbukwa, na hakuna anayesema taaluma zao zizuiwe.

Kilicho cha kweli ni kwamba stadi za kupata umaarufu si zile za kuendesha serikali, na umbali kati yake unakua kadiri cheo kinavyopanda. Mbunge anaweza kuwa sauti ya jimbo, na hapo msanii yupo kwenye kazi anayoijua. Sugu na Professor Jay walipoteza viti vyao 2020, lakini upinzani wa Tanzania Bara ulipoteza karibu kila kitu mwaka huo, kwa hiyo matokeo hayo hayawezi kusomwa kama hukumu juu ya wasanii. Gavana au rais analazimika kusimamia bajeti, manunuzi, mishahara na ugomvi wa watu wenye maslahi. Mike Sonko aliingia ugavana wa Nairobi 2017 akiwa kipenzi cha mitaa ya watu wa kipato cha chini kwa misaada yake na mbwembwe zake. Februari 2020 alitia saini kukabidhi majukumu makubwa ya kaunti kwa serikali kuu, na Desemba mwaka huohuo Seneti ilimwondoa madarakani. Weah alipata muhula mmoja. Maisha yalikuwa magumu, waandamanaji walijaa Monrovia mwaka 2019, na mwaka 2023 Joseph Boakai akamshinda kwa tofauti ndogo. Weah alikubali matokeo bila kusubiri mahakama, na kwa nchi iliyotoka vitani hilo ni jambo kubwa ambalo wanasiasa wengi wa kazi hawajawahi kulifanya.

Zelensky naye alikuwa ameanza kupoteza imani ya watu kabla ya Februari 2022. Vita ilipoanza, uwezo wa kuzungumza mbele ya kamera, ambao ulionekana upungufu wake, ukawa silaha ya taifa. Kwa hiyo stadi za jukwaani zina siku yake. Tatizo ni kwamba mpiga kura hawezi kujua mapema kama muhula unaokuja utahitaji msemaji au mhasibu.

Walio madarakani wanaoazima umaarufu

Mjadala wetu hutumia muda mwingi kwa nyota wachache wanaogombea, na kuliacha jambo lenye uzito zaidi: nyota wengi wasiogombea, ambao umaarufu wao huwatumikia walio tayari madarakani. Nchini Tanzania mikutano mikubwa ya kampeni imekuwa matamasha kwa miaka mingi. Kapteni John Komba na kundi la TOT walifanya kazi hiyo kwa CCM kwa uwazi na kwa imani, naye mwenyewe akawa mbunge. Baada yake wameletwa wasanii wakubwa wa muziki wa kizazi kipya. Nchini Kenya na Uganda hali haitofautiani sana.

Hapa wananchi wanapungukiwa maradufu. Kwanza, umati uliokuja kusikiliza muziki hupigwa picha na kuonyeshwa kama umati uliokuja kusikiliza sera, na hivyo kipimo cha nani anaungwa mkono kinaharibika kwa kila upande, hata kwa chama chenyewe. Pili, msanii anayetegemea vibali vya kufanya onyesho, muda wa redio na mikataba ya matangazo hana uhuru kamili wa kukataa mwaliko. Akikataa huhesabiwa mpinzani. Nyota anayegombea huyaweka maneno yake na jina lake mbele ya wapiga kura, na wanaweza kumwangusha. Anayeazimwa haulizwi kitu, na anayemwazima pia haulizwi.

Kati ya hoja tatu zilizopimwa, ya mtandao na sheria ndiyo inayobeba mzigo mkubwa zaidi, ya nyakati za shida inaeleza kwa nini leo na si jana, na ya vyombo vya habari inaeleza tu nani ataingia kwenye kinyang'anyiro akiwa mbele. Ikiwa hivyo, kuwapigia kelele wasanii wasigombee ni kulenga pasipohusika. Yapo mambo ya kushughulikiwa: mgombea binafsi nchini Tanzania, kuzimwa kwa intaneti siku za kura, na fedha zinazolipia majukwaa. Tanzania ina Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, inayovitaka vyama na wagombea kutoa taarifa za mapato na matumizi yao. Kama taarifa hizo zingeonyesha waziwazi malipo ya wasanii, yawe ya fedha taslimu au ya hisani, kila mtu angejua nani ameimba kwa imani na nani kwa mkataba. Kenya ilitunga sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013, lakini chaguzi za 2017 na 2022 zilifanyika bila sheria hiyo kuanza kufanya kazi, kwa sababu kanuni zake hazikupitishwa na wabunge ambao wangebanwa nazo.